Kiingilio

Mwalimu wa historia ametoa fomu tatu,
kila moja na mistari minne:
Jina la makumbusho. Kilichohifadhiwa. Mtunzaji. Kiingilio.
Luhende, mtoto wa kaka yangu, amezitia kwenye nailoni zisilowe.
Mimi nimeshuka Nyegezi Ijumaa usiku
na siku mbili za ruhusa na viatu vya kazini.
"Shangazi, Mwanza ina makumbusho mangapi?"
Nikamwambia alale.

Jumamosi, Bujora.
Ngoma zimepangwa kwa ukubwa
kama ndugu wanaosubiri kupigwa picha.
Mtoto akanyoosha kidole, nikamdaka mkono.
"Mwache aguse," akasema mtunzaji,
"ng'ombe mwenyewe alishakufa."
Akagusa. Ikatoka sauti ndogo,
ya mtu anayeitika yumo usingizini.
Fomu ya kwanza ikajaa hadi pambizoni.

Ya pili tuliitafuta mjini, jua la saa nane.
Geti moja lilikuwa na kufuli,
jingine, kumbe, ni ofisi ya bima.
Tukafuata nyundo.
Makoroboi, kopo la rangi lilikuwa linageuka taa
mikononi mwa mtu aitwaye Sayi,
ambaye hakuinua macho.
"Nani ananunua, na umeme upo?"
"Upo," akasema. Akapuliza vumbi la bati. "Na hukatika."
Luhende akaandika, Kilichohifadhiwa: makelele.
Nikafuta, nikaandika ufundi.
Akafuta ufundi.

Jumapili ilibaki fomu moja na basi la saa saba.
Nilitaka tu dagaa wa kubeba.
Tukapanda Mabatini, ngazi zikipenya katikati ya mawe,
nyumba zimeyakumbatia mawe, nguo zimeanikwa juu ya mawe,
kuku wanatutazama toka juu kama makarani.
Jiko la Bi Nyanzobe halina ukuta wa nyuma,
lina jabali.
Na jabali, toka sakafuni hadi mkono wake unapofika,
limeandikwa kwa mkaa.

"Nisomee," akamwambia mtoto, "macho yangu yamestaafu."
Luhende akasoma kwa sauti ya darasani:
Shija, vikombe vitatu.
Mama Holo, sado, mwaka wa mvua nyingi.
Fundi redio, mia nane na maneno yake.
Mwalimu Limbu, kikombe, kikombe, kikombe.
Yule wa meli, sado mbili.
Hapo Bi Nyanzobe akafunika sufuria
ambayo haikuwa na kitu.
"Endelea, mayu?" mtoto akauliza, taratibu.
"Endelea."

Alipomaliza akauliza kama wote hawa wamelipa.
"Waliolipa niliwafuta.
Hawa ndio ninaowakumbuka."
Nikamwona Luhende anafungua nailoni.
Hakuniuliza tahajia hata ya neno moja.

Nikapimiwa sado, nikatoa noti.
Mkono wa mwanamke ukabaki magotini.
"Unaondoka leo?"
Leo, saa saba.
"Basi iweke. Ukilipa leo hurudi."
Nikabishana. Nikasema nina hela, mama, ona, ninayo.
Yeye ameshampa mtoto kipande cha mkaa
na kumwonyesha mahali, chini kidogo ya meli,
jiwe likiwa bado safi.

Sasa niko Nzega, wiki ya tatu.
Dagaa wamekwisha, harufu haijakwisha,
paka wa jirani bado anaamini.
Luhende amepiga simu: fomu mbili zimepata vema,
ya tatu imerudi na wino mwekundu
kwenye mstari wa mwisho, alipoandika:
Kiingilio: Shangazi anadaiwa.
Mwalimu amechora alama ya kuuliza.
Anataka kujua ni wapi hapo,
na kama Jumapili huwa pako wazi.
Nikamuuliza mwalimu wake anaitwa nani.
"Limbu," akasema.